Usiku mmoja, pointi moja



Mwaka jana tulituma watu wawili Butembo kununua mbegu za maharagi. Mvua ikaharibu njia, wakalala hoteli siku tatu. Walirudi hapa Kasugho na nusu ya mbegu. Nusu ingine ilikwisha kwa vitanda! Hatukuwalaumu. Wangelala wapi?

Halafu tukajiuliza: wakati tulipokimbia vita, nani alitulipisha kitanda? Watu walitupokea bure, tukalala kumi katika chumba kimoja. Basi, tumefungua kaye. Ukimupokea mwenzako usiku mmoja, tunakuandikia pointi moja. Siku nawe unasafiri, unalala kwa memba mwingine na pointi inatoka. Pointi haiuzwi. Na mgeni alete unga yake ao sombe, maana mwenye kupokea naye ana watoto.

Ninyi wafadhili wa Ulaya, ndege pia zinawapa pointi: Brussels Airlines iko na Miles & More, Ethiopian iko na ShebaMiles. Mukitaka kutuona, mutafute tiketi ya Entebbe kwa pointi. Lakini muulize kwanza kodi ni ngapi, kwani hiyo mutalipa tu. Kisha ni barabara: Kasese, Mpondwe, Kasindi, Beni, Butembo. Kati ya Kasindi na Beni musipite bila kutuuliza habari za usalama.

Feranga zitakazobaki, tunajua shamba lake. Kitanda kiko, kwa ninyi hatutaandika kitu katika kaye.