Kabla hatujajaza kontena: neno kutoka kwa nesi

(Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa Watanzania na majirani zetu hapa Mesquite, Texas. Nimeyaweka kama yalivyo, nimepunguza salamu tu.)

Niliombwa niwaeleze wazazi hii hakathoni ambayo watoto wenu wanaaga nayo Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili macho mekundu. Nitaeleza. Ila nawaomba radhi mapema, maana nitaishia kwenye ajenda ya kontena, na najua humu ndani wapo waliokwisha kuchanga.

Kwanza, hakathoni si kuiba siri za benki kama mama mmoja alivyoniuliza pale Town East. Ni mashindano ya wanafunzi. Wanakaa saa 24 au zaidi, kikundi watu wanne hivi, wanatengeneza kitu cha kutatua shida fulani, kisha wanakionyesha kwa majaji. Karibu yetu iko HackUTD pale Richardson, Houston iko HackRice, College Station iko TAMUhack. Wengi wanaokwenda ni watoto wa kompyuta. Hapo ndipo nina neno.

Mtoto wa dada yangu alikwenda kwenye shindano moja, chuo sikitaji. Akarudi amefurahi: "Mama mdogo, tazama." Wametengeneza programu ya simu, oksijeni ya kichanga ikishuka nesi anapigiwa kengele. Nikamuuliza, namba za oksijeni zinatoka wapi? Akasema kwenye mashine iliyo kitandani. Mashine ipi? Akanyamaza. Wodi ya watoto njiti niliyofanyia kazi nyumbani, kabla sijaja huku kubeba maboksi ya aina yangu, ilikuwa na kipimo kimoja cha oksijeni kwa chumba kizima. Tulikitembeza mfukoni. Kwenye kikundi chao hapakuwa na mwanafunzi wa unesi hata mmoja, na hakuna aliyeona kasoro.

Sasa tazameni wakichanganyika inakuwaje. Mwaka 2012 kule Boston ilifanyika hakathoni ya tiba. Akaenda daktari wa watoto kutoka Chuo cha Mbarara, Uganda, Dk. Data Santorino. Yeye alikuwa akifundisha wakunga kumpumulisha mtoto aliyezaliwa bila kulia, kwa ule mfuko wa kubonyeza na barakoa. Shida aliyoiona: watu wanafuzu vizuri, baada ya miezi wanasahau, barakoa inavuja pembeni na mkunga hajui. Akaileza. Mhandisi wa MIT, Kevin Cedrone, alikuwepo. Wakatengeneza kifaa kidogo cha kuweka kati ya mfuko na barakoa, kinachomwambia mkunga pale pale kama hewa inaingia au inavuja. Mhandisi peke yake asingejua kwamba adui ni uvujaji. Daktari peke yake asingeweza kutengeneza sensa.

Hapo Houston, chuo cha Rice, mwaka 2010 wanafunzi wa uhandisi walitengeneza mashine ya kusaidia vichanga kupumua kwa pampu za tangi la samaki. Ndiyo, zile za mapambo sebuleni. Haikuwa hakathoni ya siku mbili, ilikuwa kazi ya masomo, wakishirikiana na madaktari wa watoto, kisha ikapelekwa hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha vichanga waliowekewa mashine hiyo walipona 71%, waliopewa oksijeni ya kawaida 44%. Ulikuwa utafiti mdogo, watoto 87, lakini aliyewahi kusimama wodini anajua tofauti hiyo maana yake nini. Wakaiita Pumani, neno la Kichewa. Mswahili hahitaji mkalimani. Kazi iliyoendelea kutoka hapo, NEST360, iliingia Kenya, Malawi, Nigeria na kwetu Tanzania, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, imo.

Nije kwenye kontena.

Hospitali yetu iliwahi kupokea mashine za kuzalisha oksijeni kutoka Marekani. Zilipokewa kwa ngoma, picha zikapigwa, mkubwa akahutubia. Zilikuwa za volti 120. Nyumbani umeme ni 230. Ya kwanza ilichomekwa ukutani siku ile ile, ikatoa moshi. Nyingine zikapelekwa stoo kusubiri transfoma, nami niliondoka nikaziacha zimefunikwa shuka. Katika miaka hiyo nilishika watoto mikononi wakiishiwa pumzi, na mashine ziko mita hamsini kutoka pale. Sisemi zingewaponya wote. Nasema aliyezituma alikuwa na moyo mzuri kama wenu.

Si sisi tu. Watafiti wa Duke, Perry na Malkin, waliandika 2011 kwamba karibu 40% ya vifaa tiba katika nchi maskini havifanyi kazi. Na si vya msaada tu. Majirani zetu Kenya walianza 2015 mpango wa kukodi mashine kwa hospitali 98, shilingi bilioni 38 za kwao. Kamati ya Seneti ilipotoa ripoti 2020, ilionekana kuna mashine zilizokaa tu, mahali hakuna umeme wa kutosha, mahali hakuna mtaalamu, na kaunti zinalalamika hazikuulizwa zinahitaji nini. Sisi tunaopenda kuwacheka majirani tufungue stoo zetu kwanza.

Kwa hiyo ombi langu, Mwenyekiti, liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Kontena lisiondoke mpaka tumempigia simu nesi wa zamu wa hospitali ile, si mganga mkuu, tumuulize nini kimeharibika na kinahitaji kipuri gani. Sehemu ya mchango ilipe fundi wa vifaa tiba. Na vijana wetu wanaokwenda Richardson mwaka huu wapewe majibu ya nesi huyo kama swali la kufanyia kazi. Binti zetu wanaosoma unesi Eastfield na kwingineko waende nao. Najua watasema hawajui kompyuta. Mimi nitakwenda nao, na sijui kompyuta.

Simu nitapiga mwenyewe, Alhamisi saa nne usiku, nyumbani itakuwa Ijumaa asubuhi. Anayetaka kusikiliza aje kwangu. Sasa naomba ruhusa, nina zamu saa moja jioni na barabara ya 635 mnaijua.