DAMU YA UKOO SI HUKUMU
Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Alasiri, Kebirigo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu, nashukuru kupewa nafasi hii hali mimi ni mtoto wenu. Sikuja kutoa fatwa, na mimi si daktari. Nimekuja kuzungumzia jambo lililo ndani ya nyumba zetu: maradhi ya moyo na presha, na vile yanavyotembea katika ukoo.

Nianze kwetu. Babu yangu mzaa baba alianguka shambani akichuma majani chai. Hakuamka tena. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Maneno yakasemwa mengi, eti kuna mtu kamfanyia, eti ni jirani wa mpakani. Miaka michache baadaye baba mkubwa akapooza upande mmoja, na maneno yakarudi yale yale. Halafu mimi nikaenda chuo kikuu. Siku moja kulikuwa na upimaji wa bure, nikapanga foleni kwa mzaha tu. Muuguzi akanipima mara tatu, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Kwenu kuna mtu mwenye presha?" Nikajibu hakuna.

Wallahi sikudanganya. Sikujua. Usiku ule nikampigia mama simu, ndipo akaniambia kwamba babu alipewa dawa za presha akaziweka juu ya kabati, na baba mkubwa alimeza mwezi mmoja akaacha alipojisikia mzima. Na baba? Baba hakuwahi kupimwa hata siku moja. Nilipomwuliza alisema: "Ndivyo ukoo wetu ulivyo. Kilichoandikwa kimeandikwa."

Ndugu msomaji, neno hilo la baba ndilo mada yangu ya leo. Je, likiwa ndani ya damu, basi limekwisha?

Kwanza, ni kweli kwamba damu ina habari. Sisi tuliosoma madrasa tunaikumbuka ile hadithi ya bedui aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) akitilia shaka mtoto wake kwa ajili ya rangi. Mtume akamwuliza kuhusu ngamia wake wekundu, kama kati yao hakuna wa rangi nyingine. Akasema yupo. Ametoka wapi? Akasema huenda ni asili ya zamani imemvuta. Akaambiwa, basi na mwanao huenda ni hivyo hivyo. Leo wataalamu wanaiita hiyo asili jeni. Tunarithi pua, tunarithi kimo, na tunarithi pia wepesi wa kupata presha au mafuta mengi kwenye damu. Madaktari husema, kama baba yako au kaka yako alipata maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama yako au dada yako kabla ya miaka 65, basi na wewe uko karibu zaidi na hatari kuliko mwenzako.

Pili, damu peke yake haitoshi, na ushahidi uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliandika katika jarida la tiba la Lancet habari za wilaya iliyoitwa South Kavirondo, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii. Alipima watu wapatao 1,000. Akaona presha yao haipandi kwa uzee kama ya Wazungu. Na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini, hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu. Hao ni babu za babu zetu na majirani zao!

Sasa tazama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya Wakenya hawakuwa wamewahi kupimwa kabisa. Jamani, jeni hazibadiliki kwa vizazi vitatu vinne. Kilichobadilika ni sufuria, miguu na usingizi. Wao walikula obokima wa wimbi na chinsaga, wakapanda na kushuka milima hii kwa miguu. Sisi chapati za mafuta, soda, chumvi juu ya chumvi, na kutoka hapa mpaka Nyamira mjini lazima bodaboda.

Ukitaka ushahidi wa pili, majirani zetu Wajaluo walifuatiliwa na watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1990. Vijana waliotoka kijijini kwenda Nairobi walilinganishwa na wenzao waliobaki. Damu ni moja, ukoo ni mmoja. Lakini muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha ya waliohama ilikuwa juu zaidi. Chumvi katika chakula chao ilizidi, na potasiamu, ile tunayoipata kwenye ndizi na mboga, ilipungua.

Tatu, na hapa ndipo penye tumaini. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya watu zaidi ya 55,000, wengi wao wa Marekani na Ulaya, ambao jeni zao zilichunguzwa. Waliorithi hatari kubwa kabisa ya maradhi ya moyo, lakini hawavuti sigara, hawakunenepa kupita kiasi, wanafanya mazoezi na wanakula vizuri, hatari yao ilikuwa pungufu kwa karibu nusu ikilinganishwa na wenzao wenye damu kama hiyo waliojiachilia. Nusu nzima, ndugu yangu!

Lakini tusidanganyane. Kujua tu hakumbadilishi mtu. Mwaka huo huo jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti 18, na ikaonekana kwamba kumwambia mtu habari za jeni zake hakukumfanya aache sigara wala abadilishe chakula. Utafiti mwingine wa Marekani, wa watu wapatao 200, ulionyesha kwamba walioambiwa habari za jeni zao mafuta mabaya ya damu yalishuka zaidi, ila ni kwa sababu wengi wao walikubali kumeza dawa. Ulaji wao ulibaki vile vile. Tena vipimo hivi vya jeni vimetengenezwa zaidi kwa damu za Wazungu, na kwa sisi Waafrika havipigi shabaha sawasawa. Kwa hiyo usihuzunike kwamba hapa Kebirigo hatuna mashine hizo. Kipimo chetu cha kwanza ni kumwuliza bibi.

Na hiki ni kipimo ambacho dini imetufungulia mlango wake. Tumeamrishwa kuunga udugu. Idi inakuja, tutatembeleana. Basi mwaka huu, baada ya pilau, kaa na wazee uwaulize kwa adabu. Babu alifariki na miaka mingapi? Alianguka ghafla? Shangazi alipooza lini? Nani ana sukari? Andika kwenye daftari, daktari akikuuliza usijibu kama nilivyojibu mimi. Na tuache kumsingizia jirani uchawi kwa jambo ambalo pengine lingeonekana kwenye mashine ya presha.

Na yule anayesema imeandikwa, nimkumbushe Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anakimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanakimbia kutoka qadar ya Allah kwenda qadar ya Allah. Dawa ni qadar. Kupunguza chumvi ni qadar. Hata miguu ya kukupeleka zahanati ni qadar.

Basi tufanye haya:

1. Kila aliyefika miaka 18 apimwe presha. Ikiwa inarudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, amwone daktari. Wahudumu wa afya ya jamii walianza kupewa mashine za kupimia mwaka 2023, muulize wa kijijini kwenu.

2. Mwenye presha asiache dawa kwa sababu ya Ramadhan. Amwone daktari, mara nyingi saa za kumeza zinaweza kupangwa daku na futari. Na akiambiwa asifunge, basi dini ina ruhusa kwa mgonjwa.

3. Futari yetu iwe tende, maji, uji wa wimbi, matoke na mboga. Sambusa na viazi vya mafuta viwe wageni, visiwe wenye nyumba. Theluthi ya tumbo tuiachie pumzi kama tulivyofundishwa.

4. Tarawehe twende kwa miguu. Na ndugu yangu uliyeacha sigara mchana kutwa, umeshathibitisha kwamba unaweza. Usiiwashe Magharibi.

Nimalizie na baba. Maneno yangu ya chuo hayakumsogeza. Ndipo siku moja nikamwambia: "Baba, nasikia woga kwenda peke yangu, nisindikize." Akaja. Muuguzi alipomaliza na mimi akamwambia na yeye aketi. Yake ilikuwa juu kuliko yangu. Leo anameza dawa. Bado hujisahau, mama humkumbusha. Lakini mwaka huu tunafuturu naye, alhamdulillahi.

Nawe una mtu wa kumsindikiza, au wa kumwomba akusindikize. Usingoje maneno ya matanga.

Allah atukubalie funga zetu, awarehemu waliotangulia, na atupe afya ya kumwabudu. Nilipopatia ni kwa tawfiki ya Allah, na nilipokosea ni mimi na shetani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.