Tuulinde ukumbi, tusiutie bendera

(Mazungumzo niliyotoa kwenye kikao cha vijana wa jimbo Jumamosi iliyopita. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu marudio na zile kelele za jenereta.)



Nimepangiwa mada ya "vijana na utamaduni". Kwa kweli mada hiyo ni pana, tukiifuata ilivyo tutaishia kusifiana tu. Naomba niibane. Nataka tuongelee ukumbi wa burudani wa mtaani: paa la bati, viti vya plastiki, jukwaa la saruji, bendi Jumamosi. Kwa nini chama cha upinzani kihangaike na kitu kama hicho?

Nianze mbali kidogo. Bibi Titi Mohamed tunamjua kama mwanasiasa. Kabla hajajiunga na TANU alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kikiitwa Bomba, hapa hapa Dar es Salaam. Chama kilipomtaka aandikishe wanawake, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Fikiria akili hiyo. Vile vikundi vilikuwa tayari na watu wanaoaminiana, wanaochangishana, wanaojua nani anaishi nyumba gani na nani kafiwa. Kazi ambayo sisi leo tunaifanya kwa makundi ya WhatsApp ya watu wasiojuana, mama yule aliikuta imeshafanywa na ngoma.

Baada ya uhuru dola nayo ikaelewa nguvu ya muziki, ikaukumbatia. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikawa na bendi yake, NUTA Jazz, ambayo wazee wenu wanaijua leo kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la Jiji. Tuwe wakweli, kulikuwa na faida yake. Mwanamuziki alikuwa na mwajiri, vyombo vilinunuliwa, kumbi kama DDC Kariakoo zilijaa. Lakini angalia gharama: mwenye bendi, mwenye ukumbi na mwenye redio walikuwa nyumba moja. Na redio yenyewe ilikuwa moja.

Ndiyo maana namkumbuka sana Remmy Ongala. Alipotoa "Mambo kwa Soksi", akiwaambia watu watumie kondomu wakati ukimwi unatuulia ndugu, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wimbo ukafa? Thubutu! Watu waliujua kwa sababu mwenyewe alikuwa anapiga kumbini, mbele ya watu waliolipa kiingilio chao. Leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy. Sijui ni mkurugenzi gani wa redio wa enzi zile aliyepewa kituo.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Redio inazimwa kwa simu moja. Akaunti ya mtandaoni inafungwa. Ukumbi wenye watu mia mbili wanaojuana kwa majina ni mgumu kidogo kuunyamazisha, na ndiyo sababu unasumbuliwa kwa njia ya makaratasi.

Sasa nije nyumbani. Mtaani kwetu upo ukumbi wa hivyo. Silitaji jina kwa sababu mama mwenye nao bado anahangaikia leseni yake, na mkimtaja huko kwenye maoni mtakuwa mmemuongezea tatizo, kwa hiyo naomba mnyamaze. Jumamosi wanapiga wazee wa dansi, kiingilio shilingi 3,000. Katikati ya wiki asubuhi vijana wanajifunza gitaa na tumba bure, sharti ni kufagia. Shule ya msingi ilipokosa madawati, bendi ilipiga usiku mmoja bila malipo na kiingilio chote kikaenda kwa fundi seremala. Mvua ilipobomoa nyumba za bondeni, watu walilala pale pale kwenye jukwaa. Hakuna kiongozi aliyekata utepe.

Mwaka huu vijana wa mtaa, wa vyama vyote na wasio na chama, wakaomba ukumbi Jumapili mchana kujadili Katiba Mpya. Mama akawapa. Hakukuwa na bendera, hakukuwa na fulana. Baada ya siku chache ikaja barua kutoka ofisi moja ya serikali: shughuli zote zisimame "hadi hapo mtakapoelekezwa vinginevyo". Barua ya mistari minne. Ina muhuri, ina "Yah:", haina kifungu hata kimoja cha sheria. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma noti zangu za mikataba.

Mama aliitwa kujieleza kabla ya barua? Hapana. Na hapo sheria inasema. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote. Chombo kingine chochote, jamani. Ofisi ya yule bwana imo. Ukifungiwa biashara bila kusikilizwa, unaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ile itenguliwe, ila unaanza kwa kuomba ruhusa ya kufungua maombi, na hiyo ina ukomo wa miezi sita tangu uamuzi. Miezi sita inakwisha haraka ukiwa unaambiwa "njoo Jumatatu". Wengi wanapoteza haki zao hapo hapo kwenye benchi la mapokezi.

Jambo la pili ni hili neno "kibali". Kila mtu anauliza: mlikuwa na kibali cha kukutana? Mwaka 1994 Jaji Lugakingira, Mahakama Kuu Dodoma, kwenye kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, aliamua kwamba masharti ya kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano yanavunja uhuru wa kukusanyika uliomo Ibara ya 20. Sheria ikabadilishwa, chama kinachotaka mkutano wa hadhara kinatoa taarifa kwa polisi saa 48 kabla. Taarifa na kibali ni vitu tofauti kama kubisha hodi na kuomba funguo. Hata hivyo tunajua yaliyotokea: mwaka 2016 mikutano ya hadhara ikapigwa stop kwa tamko, kwa kipindi fulani hadi ile ya ndani ikazuiwa, na katazo la hadhara likaondolewa Januari 2023, tena kwa tamko. Haki iliyotolewa na jaji ikachukuliwa na kipaza sauti na kurudishwa na kipaza sauti. Mimi hilo linanikera kuliko katazo lenyewe.

Na mjadala wa vijana wa mtaa ukumbini Jumapili mchana haukuwa hata mkutano wa chama.

Nitaulizwa kelele. Ni swali la haki, na ningeshangaa lisingeulizwa. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira, zinaweka viwango vya desibeli kulingana na eneo, mchana mbali na usiku mbali. Jirani ana mgonjwa, ana mtoto wa mtihani, ana haki ya kulala. Ukumbi unaopiga spika mpaka saa tisa usiku katikati ya nyumba za watu siutetei, hata ukiwa unachangia madawati ya wilaya nzima. Lakini kelele inapimwa kwa kipimo. Kama ukumbi umezidisha, leteni mashine, andikeni namba, mpeni mtu muda wa kurekebisha. Dansi la vyombo linaweza kuanza saa kumi jioni na kuisha mapema. Wazee wenyewe wanapenda hivyo, magoti hayawaruhusu. Barua iliyokuja haikutaja kelele hata mara moja.

Sasa upande wetu, na hapa najua nitawaudhi baadhi.

Nimeshaona ujumbe kwenye kundi letu: "tuufanye ukumbi ule kuwa ngome yetu". Tafadhali, msifanye hivyo. Tunalalamika kila siku, na tuna haki, kwamba viwanja kama CCM Kirumba pale Mwanza vilibaki mikononi mwa chama kimoja baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, wakati mfumo wa chama kimoja ulimhusu kila mwananchi. Halafu sisi wenyewe tukipata ukumbi mmoja wa mtaa tunataka kuupaka rangi? Yule mpiga besi ni mwanachama wa chama tawala tangu ujana wake. Anapiga vizuri, na alipiga bure kwa ajili ya madawati. Siku tukitundika bendera yetu, yeye ataondoka, na mama atakuwa amewapa wale jamaa sababu waliyokuwa wanaitafuta.

Zanzibar, Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905. Imepita kwenye Usultani, kwa Waingereza, kwenye Mapinduzi, na taarabu bado inapigwa. Ukumbi wetu una miaka michache tu, ningependa na wenyewe ufike mbali.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Twende Jumamosi, tulipe kiingilio kama watu wengine, tukae tusikilize. Ukifunguliwa, yaani. Kabla ya hapo kuna karatasi. Nimeandaa rasimu ya barua ya kuomba sababu za maandishi na kifungu cha sheria kilichotumika, inatoka kwa mama mwenyewe, jina la chama halimo. Wakili mmoja amekubali kuipitia bila malipo. Nimeshahesabu miezi sita: tumebakiwa na wiki saba.

Nahitaji watu watatu wanaoishi mtaa ule, wasio viongozi wa chama, wa kumsindikiza Jumatano saa mbili asubuhi. Mje na nguo za kawaida. Mje na kalamu, tutahitaji mtu agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, na safari hii hatuondoki mapokezi bila huo muhuri. Nani anakuja?