Tumbawe la Malindi na mvua ya Itetemia

Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, lakini joto la maji ya bahari hiyo linamhusu sana mkulima wa mahindi na karanga wa huku. Maji yakipata joto, mvuke huongezeka angani, na upepo huusukuma unyevu huo kuelekea bara.

Je, joto hilo limebadilikaje kwa muda mrefu? Setilaiti zimelipima mfululizo tangu miaka ya 1980 tu. Kwa miaka ya nyuma zaidi, wataalamu walikwenda Malindi, Kenya, kumuuliza shahidi aishiye majini: tumbawe.

Tumbawe hujenga mifupa ya chokaa tabaka kwa tabaka, kama mninga unavyoongeza duara kila mwaka. Chokaa hiyo ina oksijeni nyepesi na nzito. Bahari ikiwa na joto zaidi, ile nzito hupungua. Mtaalamu akilitoboa tumbawe na kuchomoa kipande kirefu, anaweza kusoma joto la mwaka hadi mwaka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulisoma miaka 194 ya tumbawe la Malindi, kuanzia 1801. Wapelelezi Burton na Speke walipofuata njia ya misafara hadi Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, tumbawe hilo lilikuwa likikua. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, lilikuwa likikua bado. Muda wote huo joto lilipanda na kushuka, mara kwa miaka michache, mara kwa miongo, likienda sambamba na joto la Bahari ya Pasifiki, inakotokea hali ya El Niño. Juu ya hayo, bahari iliongezeka joto kwa kiasi kinachofikia nyuzi 1.3 za Selsiasi.

Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kawaida, na matumbawe mengi ya Malindi na Mafia yakapauka na kufa.

Joto hilo la bahari hugusa pia mvua: kuna miaka ambapo Bahari ya Hindi upande wa Afrika hupata joto huku upande wa Sumatra, Indonesia, ukipoa. Hali hiyo ilitokea 1961, 1997 na 2019, na kila mara mvua za vuli za Afrika Mashariki zilileta mafuriko. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964.

Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutazama bahari kabla ya kutabiri msimu wa Tabora, wa Novemba hadi Aprili. Utabiri ukitangazwa, mkulima asikilize pia maelezo ya joto la bahari, ndipo achague mbegu ya muda mfupi au mrefu.