Kurudia si Kujizoeza

(Hotuba iliyotolewa Musoma mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu, Mkuu wa Shule, ndugu walimu, wanachama wenzangu mliotoka Bunda, Butiama, Tarime na hata Dar es Salaam, na ninyi wanafunzi mliosimama madirishani kwa kuwa viti tumevichukua sisi wazee:

Nimetakiwa niseme juu ya namna mtu anavyoweza kuukuza ustadi wake kwa kujizoeza. Katibu amenipa dakika ishirini, naye ni mtu wa saa tangu tulipokuwa naye bwenini, kwa hiyo nitaingia katika jambo lenyewe bila kuzunguka.

Watu wengi huchanganya kurudia na kujizoeza. Mchukueni mzee ambaye kwa miaka thelathini ameendesha baiskeli kutoka Nyamuswa kwenda gulioni Bunda. Je, leo anaendesha vizuri kuliko alivyoendesha mwaka wa pili? Hata kidogo. Ustadi alioupata mwanzoni ndio alio nao mpaka sasa, wala hana kosa, maana alitaka kufika tu, na anafika. Lakini mwanafunzi anayelisoma daftari lile lile la historia mara kumi usiku wa kuamkia mtihani, naye anapita njia ya yule mzee. Ukurasa anaujua kwa sura, akidhani anaujua kwa maana. Mfungie daftari, umwambie akueleze kwa maneno yake kwa nini vita ya Maji Maji ilianza mwaka 1905, utaona anatazama dari.

Kujizoeza ni kazi nyingine. Ni kupatafuta mahali unaposhindwa, kukaa hapo hapo, kuonyeshwa kosa lako, kulisahihisha na kujaribu tena. Kazi hiyo inachosha, tena haina sifa, kwa sababu muda mwingi mtu yumo katika jambo asiloliweza. Ndiyo maana mtoto anayejua kupiga danadana utamkuta kila jioni anapiga danadana, na mguu wake wa kushoto unabaki kama ulivyokuwa.

Wazee wetu walikuwa na shule nzuri ya jambo hili, nayo ni bao, ambalo Wazanaki huliita soro. Bao halioni haya. Ukikosea kuhesabu, mwenzako anakula kete zako papo hapo, mbele ya watu, nawe unajua ni wapi ulipokosea. Inasimuliwa kwamba Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu alimwona mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama akicheza bao, akaitambua akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, mtoto huyo Kambarage akaletwa hapa Musoma, Shule ya Mwisenge. Jina la Julius alilipata baadaye, alipobatizwa mwaka 1943.

Najua kila hotuba inayotolewa mkoani Mara lazima imtaje Mwalimu, na baadhi yenu mmeanza kutabasamu. Leo sitaki kusema juu ya siasa yake. Nataka tumtazame kama mwanafunzi wa lugha, maana upande huo tunausahau, nasi ndio majirani zake.

Mtoto huyu nyumbani alisema Kizanaki. Kiswahili akakipata shuleni, na Kiingereza kikaja juu yake. Kutoka Mwisenge akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere mwaka 1943, kisha akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, akahitimu mwaka 1952. Basi mtu huyu alipokaa chini kuitafsiri tamthiliya ya Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, alikuwa anaitoa katika lugha yake ya tatu na kuiingiza katika lugha yake ya pili. Wanafunzi mnaoniambia kwamba Kiingereza ni kigumu kwa sababu si lugha ya mama, lipimeni hilo.

Tafsiri hiyo ilichapwa na Oxford University Press mwaka 1963, kwa jina la Julius Caezar. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na mfasiri ndiye aliyekuwa Rais wake. Mtu mwingine angetosheka. Kitabu kimetoka, jina la Rais lipo juu ya jalada, na ni nani atakayesimama kumwambia Rais kwamba mstari fulani haukukaa sawa? Lakini Mwalimu aliirudia kazi yake mwenyewe. Mwaka 1969 likatoka toleo lililosahihishwa, na safari hii kitabu kikaitwa Juliasi Kaizari.

Litazameni jina hilo peke yake, kwa sababu linafundisha. Mwaka 1963 Julius amebaki vile vile kama alivyoandikwa na Waingereza, na Caezar amesimama njiani, hayuko kwao wala hayuko kwetu. Mwaka 1969 wote wawili wamefika nyumbani: Juliasi, Kaizari, kila jina limeishia kwa irabu, kama Kiswahili kinavyotaka. Kati ya majina hayo mawili ipo miaka sita ya kutotosheka.

Na ilikuwa miaka gani? Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na katika mwezi huo huo jeshi la Tanganyika likaasi. Tarehe 26 Aprili 1964 ukaja Muungano. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Mtu aliyekuwa katikati ya mambo yote hayo alipata nafasi ya kurudia mistari aliyokwisha kuichapa. Kwa hiyo mwanachama atakayeniambia baada ya chakula kwamba hana nafasi, nitamwomba anieleze amepindua nini.

Mwaka ule ule wa 1969 akatoa tafsiri ya pili, Mabepari wa Venisi. Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja katika jina la mchezo wake. Mwalimu anao mabepari, tena wengi. Wengine hulaumu kwamba hapo siasa iliingia mlango wa mbele. Mimi naona aliupima uzito wa neno na akachagua, na msomaji ana haki ya kubishana naye.

Tafsiri hizo mbili hazina vina, jambo ambalo washairi wetu wa jadi waliliona geni. Ungefikiri kwamba mtu huyu amechagua njia yake na ataendelea nayo. Lakini mwaka 1996, alipokuwa mtu wa miaka 74, zilichapwa tenzi zake za Enjili na Matendo ya Mitume, katika utaratibu mkali wa utenzi: mizani minane kila mstari, mistari minne kila ubeti, na kina cha mwisho kinachoshikiliwa mpaka tamati. Mzee aliyekwisha kusifiwa kwa kuandika bila vina aliingia uzeeni katika sheria za vina. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa maneno niliyoyasema juu ya kupatafuta mahali pagumu.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1993 Anders Ericsson, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Sweden, pamoja na wenzake wawili, walichapisha uchunguzi juu ya vijana wapiga fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Walihesabu saa ambazo kila mmoja alikuwa amejizoeza peke yake mpaka kufikia umri wa miaka 18. Waliokuwa bora kabisa walikuwa na wastani wa saa 7,410. Waliowafuata, saa 5,301. Na waliokuwa wakisomea ualimu wa muziki, saa 3,420. Baadaye ikaenea duniani habari ya saa 10,000, kama kwamba ukizitimiza tu utaamka fundi. Ericsson mwenyewe, ambaye alifariki mwaka 2020, aliikana habari hiyo. Wapiga fidla wale walikuwa na walimu waliowaonyesha kosa la juma hili, nao walikwenda kulifanyia kazi kosa hilo.

Tena tuseme ukweli wote. Mwaka 2014 watafiti wengine walizikusanya tafiti nyingi, wakaona kwamba mazoezi yanaeleza asilimia 26 ya tofauti za ustadi katika michezo kama sataranji, asilimia 21 katika muziki, na katika masomo asilimia 4 tu. Mwanafunzi mvivu asishangilie. Mimi nasoma hesabu hiyo hivi: katika sataranji, kama katika bao, kosa linaonekana papo hapo. Katika masomo mtu anaweza kukaa na kitabu saa sita na asikutane na kosa lake hata mara moja.

Sasa atalikuta vipi? Ipo njia moja ambayo Benjamin Franklin wa Marekani aliieleza katika habari za maisha yake. Alipokuwa kijana, fundi wa kupiga chapa asiye na mwalimu, alichukua makala zilizoandikwa vizuri, akaandika dondoo fupi za kila sentensi, akaziweka siku chache mpaka maneno yenyewe yakamtoka kichwani. Kisha akaiandika makala upya kutokana na zile dondoo, akailinganisha na ya asili, na kuyasahihisha makosa aliyoyaona.

Nanyi wanafunzi mnaweza kufanya hivyo bila gharama. Chukueni hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, kwa Kiingereza. Tafsirini mistari kumi kwa kalamu yenu. Ndipo mfungue Juliasi Kaizari mwone Mwalimu alifanya nini pale mlipokwama. Pengine mtamshinda katika mstari mmoja. Andikeni pembeni kwa nini. Kazi hiyo ya nusu saa ni bora kuliko kunakili tahakiki nzima ya kitabu na kuikariri.

Lakini si kila kosa mtu hujionea mwenyewe, na hapa ndipo ninapowageukia ninyi wanachama. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, na watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wakaingia darasani. Ni jambo jema. Tuchukue basi mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi sitini. Akitoa insha moja, anapokea insha 180. Akimpa kila mtoto dakika kumi za kusahihisha, hizo ni saa thelathini, kwa insha moja tu! Hakuna mwalimu wa kulaumiwa hapa. Lakini mtoto anamaliza muhula akiwa amepata alama ya vyema na tarehe, naye anaendelea kurudia kosa lake kwa bidii kubwa.

Chama chetu kimekwisha kutoa rangi ya bwalo, na nimesikia kwamba mwaka huu kuna shauri la kutoa rangi tena. Rangi inaonekana katika picha, na daftari lililosahihishwa halionekani. Pamoja na hayo naomba mkutano huu ufikirie shauri langu. Kila mmoja wetu achukue madaftari matatu ya Kidato cha Tatu, ya insha za Kiswahili au Kiingereza, mara moja kila majuma mawili. Ni nusu saa. Msijaze ukurasa wino mwekundu mpaka mtoto aogope kuufungua. Chagueni kosa moja au mawili makubwa, myaeleze kwa maneno anayoyaelewa, kisha mwambieni aiandike insha ile ile upya. Nasisitiza, ile ile, si nyingine. Mwalimu hakuliacha kosa la 1963 kwenye kitabu kimoja akakimbilia kitabu kipya.

Walio Bunda na Butiama wanaweza kuyarudisha madaftari kwa basi. Walio mbali zaidi watapelekewa picha kwa simu. Mwalimu wa Kiswahili amekubali kuisimamia kazi hiyo. Madaftari ya kuanzia yako maktaba, yamefungwa kwa kamba matatu matatu, na kitabu cha kutia sahihi kiko juu ya meza. Basi la Bunda linaondoka saa tisa. Anayeondoka nalo apitie maktaba kwanza.