Kiingereza cha Kusikia Darasani
Mwanafunzi wa Tanzania aliyehitimu shule ya msingi kwa Kiswahili, aingiapo sekondari hukuta aghalabu ya masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo pengine hajapata kuisikia ikisemwa na wenyewe. Dawa moja imo katika intaneti: BBC, iliyoanza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, hutoa bure masomo mafupi ya kusikiliza, mengi pamoja na maandishi yake.

Basi, mwalimu wa kidato cha kwanza, pakua somo moja kabla ya kipindi, ulihifadhi katika simu. Darasani lisikilizeni pamoja, kwa spika ndogo, mara mbili. Kisha funga simu, wanafunzi wazungumze wawili wawili. Hapo ndipo penye faida, wala si katika kusikiliza tu. Nakariri: pakua mapema, sikilizeni pamoja, wanafunzi waseme. Wenye simu nyumbani warudie somo jioni. Wasio nazo wanakili maandishi yake, utakayoyaandika ubaoni. Tafadhali, anza na somo moja wiki hii.