Nyumba Hujengwa kwa Mikono Kabla ya Feza
(Mazungumzo na watu wa vijiji vilivyo karibu na migodi)



Leo hatutazungumza juu ya mahindi wala juu ya mihogo. Tutazungumza juu ya nyumba. Labda mtauliza: "Mtu wa kazi ya shamba anatafuta nini katika nyumba zetu?" Jibu ni hili. Mahindi mliyovuna yanalala katika nyumba. Jembe linalala katika nyumba. Mtu anayelima, naye analala katika nyumba. Paa likivuja, mahindi yanaoza, mtoto anakohoa, na feza ya mavuno inakwisha kwa dawa. Hivi kazi ya mwaka mzima inapita katika tundu moja dogo la paa.

Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ninyi nyote mnayajua. Lakini ni wangapi kati yenu walioziba ufa mwaka huu?

1. FEZA INAPOTEA WAPI

Katika nchi ya Katanga feza ya mgodi inakuja mbio, tena inaondoka mbio. Kumbukeni mwaka wa 2003 na wa 2004. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa feza ili waache kazi. Kwa wengi feza ile haikukaa siku nyingi. Mtu aliyejua kazi ya mkono alibaki na kazi yake. Mtu aliyezoea kungoja kampuni imtengenezee mlango alibaki na mlango uliovunjika.

Sasa tuweke mfano. Ukuta wa nyuma wa nyumba yako umeanguka. Una mita 4 kwa urefu na mita 2 na nusu kwa kimo. Unamwita fundi, naye anakutajia feza nyingi. Unashika kichwa. Unakwenda kukopa kwa mchuuzi, na deni linakula mavuno ambayo hayajaota bado.

Ngoja kwanza. Uliza: katika feza ile kuna kazi gani? Hesabu kwa vidole. Kuchimba udongo. Kuteka maji. Kukanyaga udongo. Kufyatua matofali. Kuyakausha. Kuyapanga katika tanuru na kuyachoma. Kuyabeba mpaka kwenye nyumba. Kujenga. Hizo ni kazi nane. Kati ya hizo, ni mbili tu zinazotaka jicho la fundi: kupanga tanuru, na kujenga pembe za ukuta ziwe wima. Nyingine sita ni kazi za nguvu tu. Kama hufanyi mwenyewe, unanunua nguvu ya mtu mwingine wakati nguvu yako inakaa chini ya mwembe.

Basi, mwite fundi kwa zile mbili na umlipe vizuri. Nyingine zifanye wewe, watoto wako wakubwa na ndugu zako.

2. UDONGO MNAO

Nchi yetu ina vichuguu vikubwa. Vingine vinapita mita 6 kwa kimo. Mchwa wamepandisha pale udongo mwema wenye kushikamana. Wazee waliokuwa wakiyeyusha shaba zamani walijenga matanuru yao kwa udongo huo huo. Wewe unao bure nyuma ya shamba lako.

Lakini usikimalize kichuguu chote. Udongo wake unalisha mahindi vilevile. Chukua upande mmoja, acha mwingine ulimwe. Tena, usichimbe shimo karibu na nyumba. Shimo la namna hii linashika maji ya mvua, linalea mbu, na mtoto anaweza kuzama ndani.

Namna ya kujua udongo ni hii. Chukua chupa nyeupe. Tia udongo mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, udongo laini utakaa juu yake. Ukiona hakuna mchanga, tofali litapasuka: ongeza mchanga. Ukiona mchanga mtupu, tofali litavunjika mkononi: ongeza udongo wa kichuguu.

Kwa ukuta tuliousema, chukua kibao cha sentimeta 29 kwa 14 kwa 9. Kila mita moja ya ukuta pande zote inataka matofali 31 hivi, yakilazwa kwa upana wake. Ukuta una mita 10 za namna hiyo, basi matofali 310. Ongeza 30 yatakayovunjika. Jumla 340. Fyatua hesabu hiyo, usifyatue kwa kukisia.

Siku tatu za kwanza funika matofali kwa majani, jua lisiyapasue. Kisha yageuze, yasimamishe, yakauke kwa majuma mawili au zaidi. Tofali lenye maji ndani likiingia motoni linapasuka, na kazi yako yote inakuwa kokoto.

Neno juu ya kuni. Tanuru linakula miti mingi, na miti inakwisha pande zote za miji kwa sababu ya makala. Choma matofali ya kuta za nje tu. Kwa ukuta wa ndani usioguswa na mvua, tofali bichi lililokauka vizuri linatosha. Moto ambao hukuuwasha ni kuni na feza ulizohifadhi.

3. MGUU WA UKUTA NA SEMENTI

Nyumba nyingi huanza kuoza miguuni. Maji yanaanguka kutoka paani, yanaruka, yanapiga ukuta chini. Kila mvua inakula kidogo. Mwaka wa tatu ukuta unasimama juu ya mguu mwembamba kama wa korongo. Usiku mmoja wa Januari unaanguka, na watu wamelala ndani. Kwa hiyo sikilizeni vizuri sana hapa: jambo hili ni la uzima, si la uzuri tu.

Fanya hivi. Paa litoke nje ya ukuta kwa sentimeta 60 au zaidi. Chimba mfereji pale maji yanapoanguka, uyapeleke mbali, kwenye migomba kama unayo. Chini ya ukuta jaza mawe na udongo uliopondwa sana, uteremke kwenda nje.

Mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aweza kutia sementi. Lakini atie wapi? Nyumba ya mita 6 kwa 5 ina mita 22 ukiizunguka. Ukipaka sementi nusu mita tu kutoka chini, mifuko 2 ya kilo 50 inatosha, ukichanganya ndoo 1 ya sementi na ndoo 4 za mchanga. Ukipaka kuta zote za nje mpaka juu, utataka mifuko 8 hivi. Mifuko 6 uliyoacha kununua ni karo ya shule, au ni mbegu na mbolea. Na ukuta wako hautaanguka kwa sababu hiyo, kwa maana maji yanapiga chini kuliko juu.

Mwenye nyumba ya udongo mtupu asiipake sementi hata kidogo. Sementi inashika maji ndani ya ukuta. Kisha inabambuka kama gamba na kuchukua udongo pamoja nayo. Nyumba ya udongo hukandikwa kwa udongo.

4. KUKANDIKA

Katika kazi hii akina mama ni mafundi tangu zamani. Baba, chota maji, usione haya.

Changanya sehemu 1 ya udongo wa kichuguu na sehemu 2 au 3 za mchanga. Tia nyasi zilizokatwa fupi kama kidole. Ponda, acha ulale siku mbili. Kabla ya kukandika ukuta mzima, jaribu mahali pamoja padogo, ungoje pakauke. Pakipasuka, ongeza mchanga. Pakitoa vumbi ukipangusa, ongeza udongo. Jaribio hili linachukua siku chache, nalo linakuponya na kazi ya mara mbili.

Nyufa kubwa zipanue kwanza kwa kisu, zioshe vumbi, zijaze mawe madogo na udongo. Kisha mwagia ukuta maji, kandika mara mbili: mara ya kwanza nene, mara ya pili nyembamba na laini.

Kwa nini nyufa? Kwa sababu ya kimputu. Mdudu huyu anakaa katika nyufa za ukuta na za sakafu. Usiku anatoka kunyonya damu, na anatia ugonjwa wa homa inayokwisha kisha kurudi, inakwisha kisha kurudi. Ukuta laini na sakafu laini vinamnyima kitanda. Mtu mwenye homa ya namna hii aende kwa mganga wa hospitali, asingoje.

5. MAMBO YA KUKATAZA

Usilete mchanga wa mgodi. Mchanga unaotoka mahali wanapoosha mawe ya shaba na kobalti unaonekana mwema, ni laini, tena ni bure. Usiujengee, wala usiutandaze sakafuni. Katika Kasulo, mjini Kolwezi, watu walianza mwaka wa 2014 kuchimba kobalti katika viwanja vyao, hata ndani ya nyumba. Watu wa elimu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima wenyeji. Mwaka wa 2018 walitangaza kwamba miili ya watu wa pale, hasa ya watoto, ilikuwa na kobalti nyingi. Mtoto anatambaa sakafuni, anatia vidole kinywani. Chukua mchanga wa mto ulio mbali na maji ya mgodi. Na magunia ya mawe ya madini yasilale katika nyumba mnamolala.

Usivunje wala kukata mapaa ya zamani ya amianti, yale ya kijivu yanayovunjika kama chungu. Vumbi lake linakaa kifuani miaka mingi, mwisho linaua. Paa la namna hii likiwa zima, liache lilivyo.

Kazi tatu mpe anayezijua: miti mikubwa inayobeba paa, nyaya za umeme, na shimo refu la choo. Udongo wa shimo ukimwangukia mtu, hamumtoi akiwa hai. Ninyi mnaokaa karibu na migodi hamhitaji kuambiwa hili mara mbili. Kuokoa feza kwa kuhatarisha mtu ni hesabu ya mpumbavu.

Tena, kama ufa unarudi daima mahali pale pale, usiufiche kwa udongo tu. Andika siku uliyouona na upana wake, umwonyeshe mkubwa wa kijiji. Labda ardhi chini inakwenda. Hamieni chumba kingine kwanza.

6. KILA KAZI NA MWEZI WAKE

Mei: vuna mahindi, kisha zunguka nyumba, tazama palipooza. Kata nyasi za paa kabla moto wa porini haujazila.
Juni na Julai: fyatua matofali, yakaushe.
Agosti: choma, mwite fundi, jenga, tengeneza paa. Paa la nyasi liwe na mwinuko mkali, maji yasilale juu yake. Bati lipigwe misumari juu ya mgongo wa bati, si katika mfereji wake. Msumari wa mferejini ni tundu la mvua.
Septemba: kandika, asubuhi na jioni, jua lisikaushe udongo mbio.
Oktoba: maliza mifereji. Mwezi wa Novemba ni wa kupanda, na jembe halingojei nyumba.

Mtu peke yake atachoka. Basi mfanye kama mnavyofanya shambani: nyumba tano zisaidiane. Juma hili kwako, juma lijalo kwangu. Mwenye nyumba atoe bukari na mboga. Hivi hata mjane na mzee asiye na nguvu watapata ukuta.

Wandugu, sikuwaambia mfukuze mafundi. Fundi mwema anastahili mshahara wake. Nimewaambia msimlipe kwa kubeba maji. Mgodi unaweza kufungwa kesho, bei ya shaba inaweza kuanguka, hilo si katika mikono yenu. Lakini mguu wa ukuta, mfereji na ufa, hayo ni katika mikono yenu.

Jioni hii, mkirudi, kila mtu azunguke nyumba yake mara moja kabla ya kuingia. Atazame miguu ya ukuta. Aanzie pale.